Mwelwa, Munkoyo Ule Haukuwa wa Leo

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike, Mwelwa, na hasira yetu bado mbichi. Padri anasema tusamehe. Tutasamehe, lakini kwanza tuseme.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Trela nyingi zinazopanga foleni mpakani Kasumbalesa zimepita mikononi mwako. Mama ulimwita "présidente" ili tu akufukuze na mwiko, na kila Jumapili uliwakata wanao kucha huku ukiimba vibaya. Pombe iliwahi kukuchukua kwetu, hilo mtaa mzima unalijua. Kisha ukaenda kwenye matibabu kwa miguu yako mwenyewe, ukarudi. Ulirudi kweli.

Ulichoogopa ni kurudi kazini. Pale karakana, anayerudi lazima afanye "arrosage", yaani awanunulie wenzake bia. Wewe ukawapelekea beseni la beignets za mkeo Exaucée, maandazi ya kwetu. Walikula zote, wakakucheka, wakakuita "Monsieur l'Abbé", yaani padri. Ukasema tu, "Bacheke. Mi niko na kazi yangu."

Kinywaji chako kilikuwa munkoyo, ule wa mahindi na mizizi. Lakini kila mtu wa Lubumbashi anajua: wa leo ni wa watoto, wa jana umeanza kuchacha, wa juzi unalevya. Ndiyo maana kila asubuhi ulimuuliza Exaucée mlangoni, "Iko ya leo?" Naye alionja kwanza mbele yako, ndipo akakujazia bidon, kidumu chako cha kazini. Tulikutania sana kwa swali hilo. Sasa asubuhi zetu zimekuwa kimya.

Siku ile ya joto bidon yako iliisha mapema. Mwenzako mmoja akakumiminia wake. Ukauliza, kama kawaida yako. Akajibu kama anayemjibu kaka mkubwa, "Iko ya leo, yaya, kunywa tu." Munkoyo ule ulikuwa wa juzi, tena wenzako walikuwa wameutia lutuku, pombe kali ile inayopikwa uani. Walisimama pembeni waone kama Monsieur l'Abbé atacheza.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kiu iliamka. Hatufichi: baada ya hapo ulikunywa mwenyewe, huku unalia, na ini lililokuwa linapona likashindwa. Lakini wanaosema huku mtaani kwetu Bel-Air, "Mulevi ni mulevi tu," waje waseme mbele ya mama. Ulikuwa umeacha. Ulidanganywa!

Kwenye kilio, mwenzako huyo alilia kutushinda sisi wenye msiba. Akamwambia mama, "Tulikuwa tunacheka tu, mama." Mama alimtazama mpaka akaondoka.

Jumamosi hii, baada ya misa, tutakutana nyumbani kwako. Atakayekuja na bia ataiacha barabarani. Exaucée ataamka mapema kupika munkoyo. Na huyo mwenzako aje pia, hatujafunga mlango. Tutampimia kikombe kama wengine. Akiuliza kama ni wa leo, tutamwambia ukweli.

Sisi tunaokulilia: mama yako Kunda, mkeo Exaucée, wanao Chola na Mapalo, dada yako Christiane na shemeji yako Ephraïm. Daima tutakukumbuka ulivyosimama pale mlangoni, mzima, bidon mkononi, ukiuliza.