Ndege wa Zakayo kwenye Ukuta wa Dada Yangu

Jumamosi, mwezi wa pili, 1958. Bondeni, Nakuru.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na kuleta lile vumbi jeupe linalowasha macho. Siku kama hii fundi wa rangi hufunga makopo yake akakaa nyumbani. Mimi nimeshinda juu ya ngazi, na sasa vidole vyangu ni vyekundu mpaka kwenye kucha.

Nina wivu. Niandike hivyo kwanza, nisije nikajificha nyuma ya maneno mengine.

Nusu ya vibao vya mtaa huu ni kazi ya mkono wangu. Duka la baiskeli, kinyozi, fundi viatu, wote walinijia mimi. Kwa hiyo Tabitha, mdogo wangu, alipopata chumba karibu na soko ili auze kahawa, hakuna aliyeuliza nani atamchorea. Alijifunza kukaanga kahawa kwenye jiko la mzungu mmoja kule Njoro. Tangu mumewe Simeoni azikwe, hicho chumba ndicho kitu cha kwanza nilichomwona akikitaka.

Nilichora kibao kwa juma zima. Niliweka mlima Menengai, jua likichomoza, tawi la mti wa kahawa lenye matunda mekundu, na simba aliyeshika kikombe. Herufi nilizitilia kivuli cha dhahabu: HOTELI SAFI YA KAHAWA YA TABITHA, KARIBUNI NYOTE, CHAI NA MANDAZI PIA.

Alikitazama kwa muda mrefu.

"Ni kizuri, kaka," akasema. "Lakini kinapiga kelele."

Kisha akatoa karatasi ya kufungia sukari. Juu yake mtu alikuwa amechora kwa mkaa kikombe kimoja tu. Mkono wa kikombe ulikuwa shingo ya flamingo, imejikunja juu, mdomo umezama ndani kama anayeiba kahawa ya mtu. Chini, mahali pa kisahani, mguu mmoja mwembamba. Halafu neno moja: KAHAWA. Basi.

"Ni ya nani?"

"Ya Zakayo."

Zakayo tulijifunza rangi pamoja. Yeye akabaki karakana ya reli, anaandika namba kwenye mabehewa kutwa nzima. Namba! Huyo ndiye aliyemchorea dada yangu.

Tabitha akaitazama tena ile karatasi, akacheka. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto kanisani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Kilichonichoma si mchoro. Ni kile kicheko.

Aliniomba niupake mimi ukutani, maana Zakayo yuko kazini mchana na mkono wangu, alisema, hautetemeki. Nikakubali. Ningekataa, wote wawili wangejua kwa nini.

Leo basi nimepanda ngazi. Ukuta ulikuwa umeshapakwa chokaa, mweupe kabisa. Nilivuta kikombe kwa rangi nyekundu, nikavuta shingo, nikavuta mguu. Ilichukua muda mfupi hata nikaona haya. Mtu analipwaje sifa kwa kazi ndogo hivi?

Nikaongeza mguu wa pili. Nikaongeza manyoya, na jani la mti wa kahawa kila upande. Nilijiambia ninamsaidia. Uongo. Nilitaka mtu akipita aone mkono wangu, si wa Zakayo.

Mchukuzi mmoja wa sokoni akasimama na gunia lake begani.

"Fundi, huyo kuku ameingiaje kwenye sufuria?"

Tabitha akatoka nje, anafuta mikono kwa aproni. Akatazama ukuta. Hakucheka.

"Umemtilia mguu wa pili."

"Ndege ana miguu miwili."

"Najua ndege ana miguu miwili, Wekesa," akasema, akarudi ndani. Huwa ananiita kaka. Jina langu hulitumia akiwa amekasirika, au amechoka nami.

Alasiri Zakayo akaja kutoka kazini, kofia mkononi, mafuta ya mashine bado kwenye shati. Nilimwona tangu kona ya soko nikabaki juu ya ngazi makusudi. Nilitaka agombe. Nilikuwa nimeshapanga majibu yangu yote, mengine makali sana.

Akautazama ukuta.

"Rangi yako imeshika vizuri," akasema. "Mimi ningeichuruzisha."

Nikafunika kopo la rangi.

Halafu akasogea karibu na ngazi, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Alipoiona, alicheka?"

"Ile ya karatasi, alicheka."

"Na hii?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilichora nyingi," akasema. "Kila nikiongeza kitu inakuwa picha tu. Nilitaka acheke, Wekesa. Hiyo kahawa hata ladha yake siijui."

Nimemlisha dada yangu miaka hii. Nimeezeka paa lake, nimewapigania watoto wake wapate nafasi shuleni. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kukaa chini akatafuta namna ya kumchekesha, akatupa karatasi, akatafuta tena.

Nilishuka, nikachukua kitambaa na mafuta ya taa. Mguu wa pili ulitoka kwa shida, ukaacha doa la waridi, ikabidi kulifunika kwa chokaa. Majani yakafuata, na manyoya. Zakayo alinishikia ngazi. Hakuna aliyeomba msamaha.

Tulipomaliza, mama mmoja aliyeleta viazi kutoka Molo alipita, akarudi nyuma, akaweka mzigo chini. "Huyu mwizi!" akasema, akaangua kicheko, kisha akauliza kama kahawa iko tayari. Haikuwa tayari. Akaambiwa angoje, akangoja.

Tabitha alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara ili auone ukuta wote. Alikuwa anacheka, vumbi linampiga usoni na hajali. Nikafurahi, kwa dakika moja hivi. Kisha nikaona hatazami ukuta. Anamtazama Zakayo.

Wivu ukarudi pale pale, mzima.

Tukiwa tunaosha brashi nyuma ya nyumba, Zakayo akaniambia angependa kuja kwangu kuzungumza juu ya Tabitha, kwa heshima, kama nitamruhusu. Niliendelea kuosha brashi iliyokwisha takata zamani.

"Njoo kesho baada ya kanisa," nikasema. "Uje na mzee wa kwenu."

Baba yetu hayupo, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti na kuulizwa mbele ya watu. Nitasema ndiyo, na nitaisema kwa sauti inayosikika.

Sijui tu nitaivalia uso gani.