Masunga Kwenye Kamba, Kutoka Juu

Jumapili, saa nane mchana. Jua limekaa juu ya bati kama lina kesi na mimi.

Mungu alipokuwa anamuumba Adamu, angenishirikisha kidogo tu, magoti yangekaa vizuri zaidi. Sisemi kwa kiburi. Mimi nimechora magoti mengi kuliko yaliyowahi kupigwa mbele ya padri yeyote wa kanda hii. Kuanzia Ibadakuli nilikozaliwa mpaka huku machimboni, mbele ya Bugarama, hakuna anayechora mwili wa binadamu kama mimi. Kama yupo ajitokeze, na aje na kifutio chake, maana changu siazimishi.

Shule niliishia kidato cha pili. Mwalimu wa baiolojia alinitoa nje kwa sababu nilimchora yeye kwenye ukurasa wa mifupa. Alifanana mno, ndicho kilichomkera.

Leo najisifu kuliko siku zote kwa sababu nina hofu. Nikijisifu inatulia.

Haijatulia.

Kesho saa mbili asubuhi kuna kikao kwenye duara letu. Duara, kwa ninyi mnaonisoma mkiwa mjini kwenye feni, ni shimo la dhahabu la sisi wachimbaji wadogo. Kikao ni cha kumfukuza Baba Kulwa, mzee ninayeshika naye winchi, kwa kosa la kumwachia mtu kamba. Na huku ukifukuzwa kwa kosa hilo hufukuzwi duara moja. Jina lako linapanda bodaboda kabla yako. Ukifika duara la pili wanakuangalia: "Wewe si yule?" Hakuna atakayekubali kushuka ukiwa umeshika wewe. Baba Kulwa ana watoto sita kwao Bukombe, na shamba ambalo mvua imelisahau.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza mwisho nitafunga simu na kulala.

Mwaka huu nimejifunza kuchora kwa picha za mikao. Unaingia mtandaoni, unakuta mtu amepigwa picha amesimama, amechuchumaa, ameruka, amepinda kiuno, ya mbele, ya nyuma, ya ubavuni. Zimepigwa kwa ajili ya sisi wachoraji tufanyie mazoezi. Unaegesha simu mbele yako, kila picha unaipa nusu dakika, hakuna kufuta. Kwanza mstari mmoja wa mwendo, kutoka kichwani mpaka kisigino. Halafu mabega, halafu nyonga. Nguo baadaye.

Wengine nguo zenyewe hawana. Mama Minza, ninayekula kwenye mgahawa wake, siku moja alichungulia simu yangu akaweka sahani chini taratibu.

"Mayu wane, mama yangu! Hao ndio unaowaangalia tangu asubuhi?"

"Ni masomo, Mama Minza. Naangalia misuli."

"Misuli hata kuni zinayo. Chukua shoka kanipasulie, uangalie ya kwako."

Kioo cha simu yangu kimepasuka, ufa unatoka kona hadi kona. Mwezi wa kwanza watu wangu wote niliwachora na kovu begani, wanaume kwa wanawake. Rafiki yangu Masunga, mchimbaji mwenzetu kutoka Mhunze, akaniuliza hao watu wanapiganaga wapi.

Basi, Mama Minza akanipa ukuta wa mgahawa wake. Akataka nimchoree mchimbaji anayeshuka kwa kamba. Nikafanya rasimu kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikazibandika watu waone, nikasimama pembeni kusubiri sifa.

"Huyu anashuka duarani au anapimwa suti?"

"Mbona visigino vyake visafi kuliko uso wangu?"

"Dogo, mtu wako ameshika kamba kama ameshika mkono wa mchumba."

Walicheka mpaka chai ikawapalia. Nilikasirika siku nzima, ila jioni nikakubali. Watu wa kwenye zile picha hawajawahi kubeba kiroba cha mawe. Mwili unaoijua kamba haukai vile. Mabega yanapanda mpaka masikioni, kidevu kinazama kifuani, miguu inapapasa ukuta kama inatafuta mlango. Nikatafuta mtandaoni mtu kwenye kamba, aliyepigwa kutoka juu, kichwa kikubwa na miguu midogo kule chini. Sikumpata. Kila mpiga picha anasimama chini salama.

Hapa duniani anayemwona mchimbaji kutoka juu ni mshika winchi. Yaani mimi.

Winchi yetu ni gogo limelazwa juu ya mdomo wa shimo, kamba imezungushiwa katikati, mpini huku na mpini kule. Baba Kulwa kule, mimi huku. Anayeshuka anakaa kwenye kitanzi cha kamba, nasi tunamzungusha chini polepole. Mmoja peke yake hawezi uzito ule. Ndiyo maana tupo wawili.

Masunga nilimwambia mapema kwamba nitampiga picha akishuka. Anapenda picha kuliko ugali.

"Nipige, ila unitoe sura. Usinipige utosi kama mtoto anayenyolewa."

Alhamisi asubuhi tukamshusha. Alipofika pale mwanga unapoanza kuisha, nikamwambia Baba Kulwa, "Simama kidogo Baba, jasho limeniingia jichoni." Hapakuwa na jasho. Mzee hakuuliza mara mbili. Akalaza kifua juu ya mpini wake, kichwa chini, kama tunavyofanya tukisimamisha.

Nikatoa simu.

"Masunga! Tazama juu!"

Akatazama. "Fanya haraka, kamba inanikata mapaja!"

Nikapiga.

Kilichofuata nilikuwa nasema sikukiona vizuri. Gogo lililia. Mpini wa Baba Kulwa ulimponyoka, ukazunguka, ukampiga chini ya taya, na kamba ikaanza kukimbia. Mimi nilirudi nyuma. Hilo liandikwe: nilirudi nyuma. Mzee, damu mdomoni, hakurudi. Aliidaka kamba kwa viganja vitupu, ikapita ndani ya mikono yake huku ngozi inabaki juu yake, mpaka ikapunguza, mpaka ikasimama. Hapo ndipo na mimi nikajitupa juu ya kamba.

Masunga alikuwa amegonga matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alikuwa analia, na sijawahi kufurahi kusikia mtu analia namna ile.

Msimamizi wa duara akaja mbio.

"Nani kaachia?"

Mimi nikaangalia viganja vya Baba Kulwa. Sikunyoosha kidole, sikusema neno. Niliangalia tu, na kila mtu akaangalia nilipoangalia.

"Labda ni mimi," mzee akasema. "Labda nguvu ziliniishia. Sikumbuki kuachia, lakini labda."

Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kahama, nikanyamaza.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Masunga amefungwa mguu mpaka nyongani. Neno lake la kwanza:

"Picha ilitoka?"

"Ilitoka."

"Niko poa?"

"Uko poa."

"Nitumie niweke profaili." Halafu akageukia ukuta. "Yule mzee wako, mwambie sina kinyongo naye. Ila asishike tena kamba ya mtoto wa mtu."

Nikamwambia nitamfikishia.

Jana nikapita kwa Baba Kulwa na chupa ya uji. Viganja vimefungwa vitambaa, rozari imening'inizwa msumarini kwa sababu hawezi kuishika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Jicho lako je? Lile jasho limetoka?"

Nilisema limetoka. Niliweka uji chini nikaondoka nikisema nina haraka. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Toka Alhamisi nina hadithi yangu ninayoitembeza kichwani. Mkono wa kulia ulishika simu, wa kushoto ulishika mpini. Mkono mmoja wa kijana kama mimi, na nguvu hizi mnazozijua, si haba. Basi mzee ndiye aliyelegea. Hesabu imekaa sawa. Nimeirudia mara nyingi hata nikawa naona vidole vyangu vya kushoto, na ile kucha nyeusi ya kidole gumba.

Leo baada ya misa nikakaa kuchora. Msinishangae. Mwingine akibanwa anakunywa, mimi nachora. Nikaifungua picha ya Masunga kwa mara ya kwanza tangu niipige, nikaigawa miraba kwa rula, nikagawa na karatasi, nikaanza mraba baada ya mraba.

Katika mazoezi ya mikao kuna sheria moja ngumu kuliko zote: chora unachokiona, usichore unachokijua. Unajua mkono una vidole vitano, lakini kama picha inaonyesha viwili, unachora viwili. Wanaoanza wote wanashindwa hapo. Mimi nilishaivuka zamani, au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia.

Nikachora uso. Nilikuwa najua Masunga alikuwa anacheka. Kwenye picha hacheki. Mdomo umefunguka na macho hayaniangalii mimi, yanaangalia kitu pembeni yangu. Nikachora hivyo hivyo. Nikachora mabega kwenye masikio, kitanzi mapajani, miguu midogo inayopotelea kwenye weusi.

Nikashuka mraba wa mwisho, kona ya kushoto. Kuna kitu kinene kinakatiza. Nikakichora kabla sijakitambua. Mstari, mstari, kivuli chini yake. Kisha nikaona ni mpini. Mpini wangu. Nikaanza kutafuta vidole ili nivichore.

Havipo.

Nikadhani ufa wa kioo ndio umevifunika. Nikaisogeza picha. Ufa ukabaki palepale, mpini ukahama. Mtupu. Hauna mkono.

Jirani akapita akanisalimia mara mbili.

Halafu ikarudi yote, bila kuitwa. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha simu, simwoni Masunga, naona sura yangu tu. Nikainua mkono wa kushoto nikakikinga kioo na jua, kama unavyomkinga mtoto uso. Kwa kuhesabu mpaka tatu. Labda nne, maana nilitaka atulie.

Alichokuwa anakiangalia Masunga pembeni yangu ni ule mpini. Sijui kama anakumbuka. Hajasema.

Na huu mchoro ni bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Nimeona aibu kuliandika hilo. Ukiuona unasikia kamba inakata. Wale waliocheka kwa Mama Minza hawangecheka.

Siupeleki ukutani. Nimemtuma mtu amwambie Mama Minza amtafute mchoraji mwingine, naye akaangua kicheko na kunirudishia jibu: "Si ulisema hayupo?"

Naiweka picha hapa chini, na mchoro kando yake. Angalieni kona ya kushoto. Najua duara zima mnasoma humu kwenye ukurasa wangu, mnakuja kutafuta sura zenu. Hata msimamizi anasoma, anajifanya hasomi. Nikishabonyeza sitaweza kusema nilikuwa natania, na ndiyo sababu naandika hapa badala ya kungoja kikao. Kikaoni nitaona viganja vya yule mzee na mdomo utafunga tena, najijua. Kesho nitafika saa moja, nikae mlangoni kwa msimamizi. Wakinifukuza mimi, nirudi Ibadakuli nikachunge ng'ombe wa babu. Masunga nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Lakini picha haina sauti, na kuna kitu hamtakiona hata mkiikuza.

Mkisimamisha winchi hamtazamani. Kila mtu amelalia mpini wake. Kwa hiyo tuna utaratibu: akihisi uzito umebadilika, mmoja anamuuliza mwenzake kama bado ameshika, na mwenzake anajibu. Akikosa jibu anapiga kelele na kupigilia kigingi, gogo linajifunga. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na Baba Kulwa amekuwa akiifanya tangu mimi sijazaliwa.

Aliuliza. Alihisi, akauliza, na alikuwa na muda wote wa kupiga kigingi.

"Unao, mwanangu?"

Ndiyo maana leo anaamini ni yeye aliyeachia. Kwa sababu mimi, mikono yote miwili ikiwa kwenye simu, nilimjibu:

"Ninao, Baba."