Mesaje ku Paji la Uso ya Idi

Buyenzi, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Kwako binti yangu Yasmina,

Asalam aleikum. Mi niko muzima, mugongo tu inasumbua juu ya uzee, na uzee si ugonjwa. We na baridi ya Lille munaendelea je? Na Idi?

Naandika ku karatasi, napiga picha mwenyewe, natuma mwenyewe. Simu inapayuka mbele ya kila mutu, barua inanyamaza.

Jumamosi shehe wa huko anataka sauti yangu, mi walii, nikuozeshe kwa Idi. Sasa mi siozeshi binti yangu ku kasimu kadogo, wazee wanagongana vichwa kama mbuzi ku karai. Nimepata televisheni ya inchi 43. Naambiwa kioo yote ya simu inaweza kuonekana mule. Nimefungua moteri za Benzi miaka arobaini, hii itanishinda? Nimeisha alika Khaled na wazee wa musikiti. Mama yake Idi naye anakuja, anatoka kwake Kajaga.

Papa yako, Massoudi

Lille, 7/5/2024

Papa mupenzi,

Aleikum salam. Tuko wazima, alhamdulillah. Mugongo uipake mafuta ya moto, na usibebe vitu vizito.

Papa, tafadhali, televisheni apana. Ukifanya vile, si sura tu inapita. Kila kitu kinachoingia mu simu yako watu wanakiona, hata mesaje. Ni kama kufungua kapo, kile kifuniko ya moteri ya gari, uchafu nao unaonekana. Utaongea na Idi ku simu yake, mi nitakuwa chumba cha wanawake. Shika simu na mukono, inatosha. Niahidi.

Binti yako, Yasmina

Buyenzi, tarehe 8

Binti yangu, salamu tena. Mugongo imepoa kidogo. Nimesikia.

Papa yako

Lille, 11/5/2024

Papa, uko muzima? Mumepatwa na nini huko? Simu ilikatika shehe hajaanza hata kusoma. Nimepiga mara tisa. Idi amempigia mama yake, amejibu neno moja tu: yeye hajui watu wa Buyenzi. Idi amekaa ku ngazi za musikiti na kanzu yake mupya. Niambie, Papa.

Yasmina

Buyenzi, tarehe 14

Binti yangu,

Salamu. Mi muzima, ila usingizi hamuna.

Mi nilisema nimesikia. Sikusema nitafuata.

Kila kitu ilianza vizuri. Nilibonyeza pale wameandika «diffuser», ndo kutuma picha ku televisheni, uso ya Idi ikajaa ukuta. Khaled akasema, «Massoudi, kumbe we ni enjeniya.» Nikamujibu, «We ulinidhania fundi wa baiskeli?» Mama Idi akatoka ku mukeka, akasogelea televisheni. Ndo mesaje yako ikashuka, hapo ku paji la uso ya Idi, herufi kubwa kama ngumi.

Unajua mi nasoma neno kwa neno. Wengine walishamaliza, Khaled anakohoa, anakohoa, mi nawaza ni mafua. Nikawaza pia hii ni baraka ya mutoto wangu, wacha waisikie wote. Nikasimama nikasoma na sauti: «Papa, asante kwa kukubali. Mama yake Idi asijue kama ni we ulitukatalia miaka mbili juu ya harufu ya ndagala, samaki zake anazoanika. Yeye anajua ni mi nilikawiza.»

Mama Idi hajui kusoma, Yasmina. Na mule ndani hakuna mutu angemwambia.

Nikavuta waya, televisheni ikazima, na simu nikaikata. Yeye akavaa viatu vyake, akatoka.

Lakini kosa ni ya nani? Mutu anaandika mesaje saa ya ndoa yake? Na walii ni mi, si yeye. Tufanye Jumamosi ingine bila yeye.

Papa yako, Massoudi

Lille, 15/5/2024

Papa,

Salamu. Miaka mbili nimebeba uongo wako. Mama yake ananiita mutoto wa kiburi, mi nanyamaza, juu yako. Idi hawezi kuoa wakati mama yake amenuna, na mi sitaolewa hivyo. Usiniandikie mupaka ufike Kajaga.

Yasmina

Kajaga, tarehe 2 mwezi wa sita

Binti yangu Yasmina,

Asalam aleikum. Uko muzima? Siku kumi na nane bila kukuuliza, inaniwasha mwili mzima.

Nimefika huku mara tatu, na miguu, juu essence ya magari hamuna. Siku ya kwanza Mama Idi akaambia wenzake, «Mwambieni Mama Idi hayuko,» mwenyewe ananitazama. Siku ya pili nilisimama ku jua mupaka alasiri, wanawake wanapita na mabeseni, wananiita muchumba.

Leo nilikuja na maneno yangu, nikaanzia ku Benzi. Akasema, «Massoudi, wacha moteri.»

Nikasema nilikosa. Hiyo neno sijawahi kuitoa, hata kwa marehemu mama yako.

Akaendelea kugeuza ndagala zake. Halafu akasema, «Mambo ya harufu nimeisikia tangu musichana, haiui mutu. Mutoto wangu sijamuona miaka sita, simu yangu ni ya tochi, haioneshi sura. Nilisimama nione kama amekonda ao apana, we ukavuta waya.»

Nikachuchumaa, nikageuza ndagala pamoja naye. Mi, Massoudi.

Kwangu hatarudi, ameapa. Kwake hamuna umeme, kwa jirani iko. Khaled amepata mukokoteni, Ijumaa tutafunga televisheni mu blanketi tuilete huku.

Kwa hiyo Jumamosi tarehe 8, saa kumi ya huku. Shehe angoje kwanza. Idi akae peke yake mbele ya simu, mahali pa mwanga, avue kofia, ageuke polepole huku na huku. Mi sitatamka neno ya ndoa mupaka mama yake aseme ametosheka.

Papa yako, Massoudi