Fizi za Mama Zimerudi

Lodwar, Jumanne, likizo ya Agosti 1997

Upepo umevuma tangu asubuhi, mchanga umeingia hadi kwenye sufuria, lakini si upepo ulioniharibia siku. Nina hasira. Nimejaribu kuomba, nimejaribu kufua nguo, bado ninayo.

Leo mama yangu ameng'olewa jino la mbele, la juu.

Chini ana pengo tangu usichana wake, pale walipomtoa meno mawili kwa mila yetu sisi Waturkana, na pengo hilo hulionea fahari. Hili la leo halikudaiwa na mila yoyote. Limeondoka kwa sababu ya neno moja.

Mwezi wa tatu alikwenda hospitali peke yake, maana fizi zilikuwa zikitoka damu na mizizi ya meno imeanza kuonekana. Mimi nilikuwa Kakuma, nafundisha. Daktari wa meno akamkwangua ugaga ulioganda kwenye meno, upande mmoja, akamkataza kusugua kwa nguvu, akamwambia fizi zimerudi nyuma, aje tena baada ya wiki mbili amalizie upande wa pili. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, akashika neno moja tu: zimerudi.

Kwake, mbuzi akirudi yuko zizini. Basi na fizi zimerudi, zimepona. Akaacha maji ya chumvi aliyokuwa akisukutulia, akachukua mswaki wake wa mti wa esekon, akasugua kwa furaha juu ya mizizi iliyo wazi.

Miezi mitano.

Leo tulipoingia, daktari alinigeukia mimi, bila hata kumtazama mama. "Si nilimwambia fizi zimerudi nyuma? Kwa nini hakurudi?" Nikamuuliza kama alimwonyesha hata kwa kidole, hata kwa kioo. Akasema foleni ilikuwa ndefu. Foleni! Halafu akachungulia lile pengo la chini, akatikisa kichwa: "Hata haya aliyaacha yakaoza." Nilitamani kumng'oa la kwake, bila ganzi.

Kazi yake anaijua, sitamsingizia. Alimchoma mama sindano ya ganzi, akatoa lililolegea, akakwangua yaliyobaki. Anasema ufizi uliokwisha kurudi nyuma hauoti tena, kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee. Jino lililokuwa kando yake linatikisika. Likisafishwa tena baada ya wiki mbili, na mama akisugua taratibu, huenda likakaa.

Sasa niseme la kwangu. Mwezi ule wa tatu nilipata barua ya mama, aliyoandikiwa na jirani: "Fizi imerudi, asante Mungu." Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ninayewakata watoto alama kwa neno moja waliloacha, niliisoma nikashangilia. Sikuuliza imerudi wapi.

Ninamkasirikia daktari kwa sababu ni rahisi kuliko kujikasirikia.

Mama ameketi mlangoni, pamba mdomoni. Ameniuliza, bila uchungu wowote, "Akiru, wewe si mwalimu? Kitu ikirudi, si imekuja nyumbani?"

Nimemkumbatia, nikaenda kumchemshia maji ya chumvi.

Wiki mbili zikiisha nitakaa katikati ya mama na yule daktari, na kila neno litapita kwangu, kwa Kiturkana. Shule inafunguliwa siku hiyohiyo.

Wafungue bila mimi.