Vipande Vilivyokatwa Chini ya Mlima

3 Februari

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko sindano zilizopotea kwenye kibanda changu cha ushonaji. Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali.

Sasa kaa chini kwanza. Mjomba wako ni mpiga picha! Kuna mteja nilimshonea suti, ikamkaa hadi akatoa machozi, akavua kamera shingoni akanivalisha hapo hapo. Watu walishuhudia.

Basi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunatoka familia nzima na kapu la chakula na jamvi. Wenzangu wanakula, mimi napiga mandhari. Watu sipigi, watu kila mtu anapiga. Nikishika kamera nasema, "Haya, tokeni mbele, mnaniharibia mlima!" Mama yako ananijibu, "Kwani huo mlima umeushona wewe?" Lakini ni yeye anayesimama nyuma yangu na mwavuli, maana jua lazima liwe mgongoni, na upara wangu unaujua. Dada yangu yule anapanda kama mbuzi, ametuacha wote.

Ulisema chumba chako hakina dirisha. Nakutumia dirisha. Libandike.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi Mkuu, na sasa Mpiga Picha Mkuu

20 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini hujambo na wote hawajambo. Mimi sijambo, ila mgongo. Natandika vitanda ishirini na viwili kwa siku hapa hotelini, na vyumba vyote vina madirisha makubwa isipokuwa changu. Mlima nimeubandika mbele ya kitanda. Hiyo suti ya machozi imenichekesha peke yangu kama chizi.

Mbona picha haina ukingo mweupe upande wa chini? Halafu safari ijayo mweke mama ndani. Barua zake siku hizi ni mistari mitatu, na mwandiko ni wa binti yako. Ana nini?

Mpwa wako

9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kimya changu ni kazi, nashonea harusi mbili na nusu. Umeuliza mambo mawili, nayajibu yote.

Kwanza, ukingo. Kivuli cha mama yako na mwavuli wake kinaingia chini ya kila picha, kama uyoga umeota. Nakikata kwa mkasi wangu wa suti, chap! Mstari umenyooka kuliko rula ya mwalimu.

Pili, mama yako ni chuma. Huo mwandiko ni uvivu tu. Juzi mwishoni mwa Juni tulikwenda kwenye maporomoko, akabeba kapu peke yake akiruka mawe, vijana wakabaki midomo wazi. Maji yaliingia kwenye kamera, nikaikausha kwa pasi ya mkaa. Mwenye studio anayenisafishia picha amesema tangu azaliwe hajaona picha kama zangu.

Kumweka ndani? Mandhari haina mtu, mpwa wangu. Hata mwenyewe anasema, "Mimi nina sura ya kupigwa? Piga maji yako." Nakutumia hayo maji.

Mjomba wako,
Mpiga Picha Mkuu

2 Desemba

Shikamoo mjomba,

Poleni nyote. Simu ilifika hotelini siku ya tatu baada ya kumzika mama. Nilikuwa katikati ya kutandika kitanda. Nilisikiliza, nikarudi, nikamaliza kukitandika. Sijui kwa nini nilikimaliza.

Mjomba, sina picha yake hata moja. Usiku najaribu kukumbuka kishimo chake kilikuwa shavu gani na kinanikwepa. Wewe ulikuwa na kamera, naye alikuwa nawe kila mwezi. Nitumie moja. Hata mbaya. Hata kafumba macho.

Na mtu aniambie alianza kuumwa lini.

Mpwa wako

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole, pole tena. Barua hii nimeianza mara nne.

Nimepekua picha zote. Nimekwenda studio, nikaangalia mikanda yote kwenye taa hadi mwenye studio akafunga akaniachia ufunguo. Milima ipo. Maji yapo. Mawingu yapo mazuri sana. Uso wake haupo.

Lakini fundi hatupi kipande. Vyote nilivyovikata nilivitia kwenye mfuko wa vitambaa. Nakutumia vipande tisa, mwezi nimeuandika nyuma. Ni kivuli tu, lakini ni chake.

Ugonjwa ulikuja ghafla. Wiki moja tu, kama taa iliyozimwa.

Mjomba wako

30 Machi

Mjomba,

Nimevipanga ukutani chini ya mlima wako, mwezi baada ya mwezi.

Januari amesimama, mkono umenyooka, mwavuli uko juu ya kichwa chako. Machi mwavuli umeshuka begani. Mei kuna mtu mwingine amemshika kiuno. Juni, mwezi wa kapu na kuruka mawe, amekaa kwenye kigoda. Septemba simwoni. Kuna mwavuli tu, uko chini kabisa, kama umechomekwa ardhini.

Ghafla, mjomba?

Kigoda alikibeba nani?

Mpwa wako

12 Mei

Mpwa wangu,

Hukunisalimia, na ni haki yako.

Kigoda nilikibeba mimi. Begani kushoto kigoda, kulia kamera. Daktari alituambia mwezi wa Januari. Mama yako akanishika mkono akasema, "Usimwandikie, ataacha kazi." Basi, aliniomba ninyamaze. Hakuniomba nimpandishe mlima. Ya mbuzi na kapu niliyatunga mwenyewe. Nilikuwa nayaamini mpaka nalamba gundi ya bahasha.

Septemba alikuwa amelala juu ya jamvi. Mwavuli aliushika hivyo hivyo, hakukubali kupokewa. Nilikuwa namsikia anavyohema nyuma yangu. Sikugeuka. Nilimwambia, "Shika vizuri, dada, jua linaniunguza."

Kishimo kilikuwa shavu la kushoto. Kilitokea akicheka tu, na akinicheka mimi kilizama zaidi. Hapa sijaongeza chumvi, na kama huniamini, muulize binti yangu.

Jumapili ya mwisho wa Aprili hakuna aliyetaka kutoka. Nilikwenda peke yangu, mlima ule ule, nikasimama pale pale. Upara umebabuka. Picha nakutumia. Mlima umepinda na chini kuna kivuli cha mtu mmoja.

Sijaikata.

Mjomba