Mjomba, Chiku Anakataa Mboga

Mjomba, shikamoo.

Najua huwezi kuitika, lakini mimi sikulelewa kuanza maneno na mkubwa bila kumwamkia, na aliyenilea ni wewe. Basi nimekuamkia. Sasa niache niseme, maana nina hasira na sina wa kumwambia.

Kasuku wako ananitoa roho.

Arobaini yako ilipopita, ukoo ulikaa hapa Chilangala kugawa ulichoacha. Mali ya mjomba hurudi kwa wapwa, hilo halikuwa na ugomvi. Kaka Hamisi alichukua mikorosho na baiskeli. Dada Asha alichukua cherehani. Nikabaki mimi, mdogo wao, nikaambiwa, "Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na mzee, chukua Chiku." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilijua nimepewa nini. Picha yako ipo moja, ile ya kitambulisho, umekunja uso kama umekanyaga mwiba. Lakini sauti yako haipo popote duniani ila kwa Chiku. "Karibu! Umekula?" Halafu kile kikohozi chako cha tumbaku. Anasema vilevile, Mjomba, mpaka kule kuvuta pumzi.

Na sauti hiyo ndiyo iliyoleta balaa, tangu siku za matanga.

Watu wa matanga walikuja kutoka Newala, kutoka Mnyambe, wengine walipanda basi toka Masasi. Kila aliyefika mlangoni alikaribishwa na marehemu mwenyewe. Wanawake walikaa chini kwa kilio. Wakishalia, wakafungua pembe ya kanga na kutoa korosho za kukaanga, wakampa Chiku. Wakasema mzee anauliza chakula, basi apewe sadaka yake. Ungemzuia nani? Nilitazama nikaona ni vizuri, nami nikatoa zangu. Asiye na korosho alileta alizeti. Matanga yakaisha, sadaka haikuisha. Msimu huu wanunuzi binafsi wamejaa kila kona na mizani yao, ruksa ya biashara imepanda mpaka huku juu kwetu, kwa hiyo korosho inakaangwa kila nyumba, na kila anayepita njiani anakata kona aje "kumlisha mzee."

Na Chiku si mjinga. Alijua upesi kwamba akisema "Umekula?" korosho inakuja. Akawa anasema kutwa.

Mvua zilipokaribia akaanza kuhema kama mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani. Akajing'oa manyoya kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Kuruka hawezi, anadondoka kama embe. Nikamfunga kwenye kapu nikampeleka kwa bwana mifugo Newala. Yule bwana alicheka kwanza, akasema yeye amesomea ng'ombe. Kisha akamshika, akambonyeza kifua, akaacha kucheka. Akasema, "Mama Salma, huyu amejaa mafuta mpaka kwenye ini, lakini ana njaa. Mkiendelea hivi hafiki mavuno mengine." Alizeti na korosho zipungue, aonjeshwe tu. Ale majani na matunda kila siku, bila chumvi. Na kama nina mtu Dar es Salaam, huko siku hizi wanauza chakula cha vidonge cha kasuku, kimesagwa na kuchanganywa kila kitu, asiweze kuchagua anachopenda na kutupa kingine.

Kaka Hamisi alikuwa Dar kwa mambo yake ya korosho. Kwa heshima yako alikitafuta, akarudi na kopo lenye picha ya ndege wa rangi zote, kama kanga mpya. Nilifurahi, Mjomba. Nilijua taabu imekwisha. Chiku akachukua kidonge kimoja, akakigeuza kwa ulimi, akanitazama, akakitupa nje ya bakuli. Akachukua cha pili, akatupa. Alitupa vyote kimoja kimoja, kuku wa Bi Zainabu jirani wakashiba chakula kilichopanda meli. Nikaviloweka, akavikanyaga. Nikachuma mchicha, akautandika chini akaulalia. Majani ya kunde, boga la kuchemsha, mizizi ya ming'oko ya porini, vyote anavitazama kama nimemtukana. Maji yenyewe unajua yanavyopatikana kwa shida huku, nami nayamwaga kuosha mboga za ndege asiyekula mboga!

Na wewe nawe, niseme ukweli, ulimdekeza. Wenzako wanawapiga mawe kasuku wasimalize mtama, wewe ukamwokota shambani ukamtia mfukoni. Kila siku "Chiku hiki, Chiku kile." Umeniachia tabia zako zote, ukaenda zako kupumzika.

Bi Zainabu ndiye aliyenikera kuliko wote. Nilipomkataza kumpa Chiku korosho alisimama uani kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika njiani, "Mjomba wako anaomba chakula nawe unamnyima? Wamakonde tumefika huku?" Maneno hayo yakazunguka kijiji. Hata msikitini niliulizwa. Nikasema mzee wangu yuko kaburini, huyu ni ndege, na ini lake linaoza. Wakanitazama kama mtu aliyevaa nguo kinyume.

Nilikata tamaa. Siku moja nikaketi barazani, bakuli la Chiku limejaa vitu alivyovikataa, nami nina njaa kwa sababu tangu uondoke nakula kwa kusimama tu, matonge mawili jikoni. Nikachukua kile kipande chake cha papai, nikala mwenyewe kwa hasira. Nikala na mchicha wake. Chiku akashuka kwenye kijiti. Akaja akijivuta, akapanda gotini, akanyofoa papai mkononi mwangu.

Nililia, Mjomba. Kumbe hakuwahi kula peke yake. Kwako alikula ukingoni mwa sinia, ukila naye anakula. Sisi tukawa tunamtupia na kuondoka. Sasa tunakula pamoja asubuhi na jioni. Kidonge nakitia kinywani kwanza, ladha yake ni ya vumbi la ghala, nasema "mmm!" kama mwendawazimu, naye anakitaka. Alizeti anapata chache, mwisho, akishakula mengine. Kifua kimeanza kuota manyoya. Juzi ameruka kutoka dirishani hadi kwenye kamba ya nguo.

Ungedhani nimepumzika. Sijapumzika.

Leo asubuhi nilikuwa nafagia, nikagundua nyumba imenyamaza. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kusikia "Karibu! Umekula?" nikashindwa. Alikuwa akiyasema kwa ajili ya korosho. Korosho hakuna, maneno yanakwenda. Anapiga mluzi, anaiga jogoo, ananiigiza mimi nikimfokea mwanangu Salma. Wewe tu ndiye hakuigizi tena.

Nikaingia ndani. Korosho nilikuwa nazo, Mjomba, sikufichi, zimebaki kwenye kibuyu. Nikachukua moja nikasimama mbele yake. Akaiona. Akanyoosha shingo, akavuta pumzi, ile pumzi yako. Nilijua nikingoja kidogo tu utaongea. Halafu nikaiweka korosho kinywani mwangu, nikaitafuna mpaka ikaisha, akinitazama.

Hakusema kitu. Nami sikusikia kitu.

Nimekasirika na watu, nimekasirika na bwana mifugo kwa kuwa amesema kweli, nimekasirika na wewe uliyekufa bila kuniuliza. Lakini mimi ndiye niliyepewa huyu ndege, na mtu akipewa kitu cha mjomba wake hukilea. Nakuahidi Chiku ataishi. Atakula mboga zake, ataruka, atazeeka humu ndani, na sitamlipa korosho ili anisemeshe kwa sauti yako. Siku atakayoyasahau maneno yako yote, nitamkatia papai kama kawaida.

Lala salama, Mjomba wangu. Mimi nimekula.