Chuma Ulichokipinda

Kaka yangu mtoro,

Sisi wazima, ila nimechoka. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuja kulikagua daraja letu la chuma, hili ninalolipaka rangi mwaka mzima. Ribiti, zile misumari alizogonga babu kuunga vyuma, hawakuzitazama hata! Wakaenda kuduwaa mbele ya kile chuma cha mshazari ulichokipinda kwa lori. "Ubunifu wa ajabu," akasema mkubwa wao, "kisinyooshwe kamwe." Wamekiwekea hadi kibao.

Miaka tisa unajificha kwa aibu ya chuma hicho, na mama anakuulizia mpaka nimeishiwa uongo. Sasa kinalindwa kwa sheria. Wewe unamwogopa nani? Mama haoni tena, kaka. Njoo akupapase uso.

Dada yako, mwenye brashi